Kibao cha uwanja wa mtaa: tuandike historia ipi?

Swali: Shikamoo mzee. Mtaani kwetu Mabatini, Mwanza, jirani na Mto Mirongo, tuna uwanja tuliozoea kuuita bustani ingawa miti yenyewe ni ya kuhesabu. Watoto wanacheza mpira, wazee wana bao lao, misiba na harusi vyote ni hapohapo. Kikundi chetu cha vijana kimechanga fedha za kuweka kibao chenye historia ya uwanja. Shida ni kwamba kila mzee ana yake. Mmoja anasema ulitengwa na Wajerumani na palikuwa na mti wa kunyongea watu, mwingine anasema ni wa Halmashauri, wa tatu anasema hauna mwenyewe. Tuandike ipi? Na kibao kitasaidia usije ukauzwa?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na mwangaluka kwa wazee wa hapo. Barua yako niliipata Alhamisi, Jumamosi nikapanda daladala nikaja kuuona uwanja wenyewe. Nimefanya kazi ya upimaji na mipango miji zaidi ya miaka thelathini, na ardhi ambayo sijaikanyaga huwa siizungumzii. Hukuniona kwa sababu nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na wewe, niliambiwa, Jumamosi unalala.

Nianze na Wajerumani niwamalize.

Kituo chao hapa Mwanza walikianzisha mwaka 1892, pwani ya ziwa, ili waishike nchi ya Usukumani na baadaye pamba yake. Mji wao ulikuwa mdogo: boma kilimani, bandari, maduka, basi. Julai 1916 Waingereza wakawatoa. Hiyo ni miaka ishirini na minne tu, na ndani ya miaka hiyo walikuwa na mambo mengi ya kufanya kuliko kuwatengea watoto wa Mabatini mahali pa kuchezea. Mji ulianza kunenepa baadaye sana, hasa reli ya kutoka Tabora ilipofika mwaka 1928. Lakini sisi tuna tabia moja: kitu tusichokijua asili yake tunampa Mjerumani. Daraja la zamani, la Mjerumani. Jiwe lenye alama, kaliweka Mjerumani. Mpaka leo wapo watu wazima wanaochimba usiku chini ya miamba wakitafuta rupia eti zilizofukiwa na Mjerumani, na asubuhi wanaacha shimo la kuvunjia watu miguu.

Mti wa kunyongea nao ni hivyohivyo. Kila mji uliokuwa na boma una simulizi hiyo, na Mwanza mjini kati ina yake. Sisemi hawakunyonga watu, walinyonga. Nasema mti wenu haukuhusika. Nimeukumbatia. Ni mjohoro, mti wa kutoka Asia uliopandwa sana mijini kwa kivuli na kuni, na mikono yangu miwili ilikutana upande wa pili bila shida. Mjohoro wa zaidi ya miaka mia moja usingenikubalia hivyo. Mzee aliyesimulia msimbishie mbele ya wajukuu. Mwulizeni tu mti upi, na nani alimwambia. Mara nyingi utakuta kuna mti mwingine uliokatwa, mahali pengine kabisa, na kisa kimehama na watu.

Swali linalonivutia mimi ni jingine: kwa nini mahali hapo pamebaki wazi? Mwanza ardhi tambarare ni ya kugombania. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.1 katika Nyamagana na Ilemela, na wewe mwenyewe unaona nyumba zinavyopanda vilima vya Igogo, Bugando na hapo kwenu, nyingine ukuta wake mmoja ni jiwe lenyewe. Katika mji kama huo sehemu ya usawa haibaki wazi kwa bahati. Lazima kitu kiliwazuia watu kujenga.

Kwenu kilichozuia ni mawili. Upande wa juu kuna lile jiwe kubwa na wadogo zake, ambayo juu yake hakuna msingi wa nyumba utakaokubali. Upande wa chini kuna Mirongo. Huo mto kiangazi unaweza kuuvuka kwa hatua tatu na ukaudharau, lakini mvua ya vuli ikikaza kule juu unashuka na kila kilichotupwa ndani yake, unaingia majumbani. Mkikaa na wazee waulizeni maji yalifika wapi mwaka wa El Niño, 1997 kuingia 1998. Wataonyesha kwa mkono kwenye ukuta. Na ile mikaratusi miwili kwenye kona ya chini haikujiotea. Kuna mtu aliipanda ili inywe maji, kama tulivyokuwa tukishauriwa zamani. Leo sishauri tena, kwa sababu mkaratusi ukimaliza maji mabaya unahamia kwenye mazuri.

Kwa hiyo ukinilazimisha nitaje aliyeutenga uwanja wenu, nitasema mto na jiwe. Huko Dar es Salaam mambo yalikuwa tofauti. Mnazi Mmoja uliachwa wazi kwa makusudi na wakoloni ili kuwatenganisha watu wa Kariakoo na wa Uhindini, na baadaye watu walewale waliotenganishwa wakaufanya wa mikutano na sherehe za Uhuru. Kwenu hakuna gavana wa kumlaumu wala kumshukuru.

Sasa ushahidi. Nilikaa pale mpaka saa tano, na nikuambie nilivyousoma uwanja, maana mnaweza kuendelea wenyewe.

Jiwe kwanza. Upande wake unaotazama uwanja una mfereji mlaini, upana wake ni kama makalio ya mtoto, unang'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Watoto wanapanda kwa nyuma, wanakalia kipande cha dumu la njano, wanateleza mpaka kwenye mchanga, wanakimbia tena. Nilimwuliza mmoja, wa miaka saba hivi, nani aliwafundisha. Akaniangalia kama nimeuliza nani aliwafundisha kula. "Hata babu kateleza hapa," akasema, akaenda zake. Hilo ni graniti, binti yangu. Graniti haing'arishwi na kaptula za mwaka mmoja. Hati nyingi nimeziona maofisini zilizokaa muda mfupi kuliko mfereji ule. Pigeni picha yake asubuhi jua likiwa chini, ndipo mng'ao unaonekana, na mpime urefu na upana wake.

Pembeni, penye ubapa, kuna mashimo ya bao, safu nne, yamechongwa kwenye mwamba. Safu mbili zimechakaa kabisa na wazee wamehamia kwenye ubao wa mninga. Mmoja wao aliniambia babu yake akilicheza akiliita isolo. Andikeni jina lake mzee huyo kwenye daftari lenu, na tarehe aliyosema.

Juu ya jiwe hilohilo alikuwa anaota jua yule mjusi wetu mwenye kichwa na mabega ya waridi na mwili wa buluu, anapiga pushapu kama askari. Wataalamu wamempa jina la kisayansi Agama mwanzae, yaani amebeba jina la mji huu duniani kote, na watoto wa mji huu wanampiga mawe. Mwekeni kwenye kibao. Huenda akapumua.

Halafu bikoni, zile alama za mipaka zinazoachwa na wapima ardhi. Nilizipata tatu. Moja iko nyuma ya fundi baiskeli, nyingine kwenye mzizi wa mwembe, ya tatu karibu na bomba: chuma kilichozungushiwa zege, kimepigwa herufi na namba. Nimezinakili, nitakutumia. Bikoni maana yake kuna mtu alikuja na vifaa, akapima, akaacha ramani ya upimaji mahali fulani. Inawezekana zilipandwa kwa ajili ya viwanja vya jirani na uwanja wenu ukabaki katikati. Ramani ndiyo itasema. Lakini yule mzee anayesema uwanja hauna mwenyewe, mpelekeni akaione ile ya kwenye mwembe.

Ushahidi wa nne ni vichwa vya watu, na hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Mzee ukimwuliza "ilikuwa mwaka gani?" atakupa mwaka wowote ili umwachie acheze. Usimwulize mwaka. Mwulize ilikuwa kabla au baada ya jambo ambalo mji mzima unalikumbuka. Kabla ya MV Bukoba au baada? Meli hiyo ilizama Mei 21, 1996, na hakuna mtu wa Mwanza wa umri huo asiyejua alikuwa wapi siku ile. Wengi bado wana ndugu waliolala Igoma. Kabla ya ndege ya Amin au baada? Hiyo ni Machi 29, 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia ilipolenga matangi ya mafuta hapa mjini ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Kabla au baada ya Mwanza kuwa jiji? Mwaka 2000. Kwa misumari hiyo mitatu unaweza kutundika karibu kila kisa cha uwanja.

Na kisa kikikataa kutundikika, usikitupe, kichunguze. Mzee mmoja aliniambia pale kwamba baba yake alihudhuria mkutano wa hadhara wa TANU uwanjani hapo mwaka 1956. Sasa, mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku TANU Usukumani, na marufuku hiyo ilidumu mpaka 1958. Ama mwaka umekosewa, ama mkutano ulikuwa wa chama cha ushirika, kwa sababu miaka hiyo wakulima wa pamba walikuwa wamejipanga vizuri sana kupitia vyama vya msingi na Paul Bomani, kiongozi wa ushirika huo, alikuwa jina la kila nyumba. Au ulikuwa mkutano wa siri, na hapo ndipo utamu ulipo. Mrudieni, lakini taratibu, na mumpelekee kahawa.

Kitu kimoja ambacho hakuna aliyenitajia mpaka nilipouliza: nani anafagia? Nilipofika kulikuwa na mzee mwenye kofia ya sufi, ana ufagio wa vijiti, anafagia kuanzia kwenye mjohoro kuelekea magolini, kimyakimya. Nikadhani ni kibarua wa Halmashauri. Mama wa uji akacheka. Akaniambia hakuna anayemlipa, anafagia tangu alipostaafu bandarini, na kabla yake alikuwa anafagia mama mmoja wa Kikerewe ambaye sasa ni marehemu. Yule mama wa Kikerewe ndiye aliyekuwa akimwagilia mwembe kwa maji ya kufulia mpaka ukashika. Nikamsogelea mzee, nikamwamkia, nikamwuliza kwa nini hasa. Akasema: "Wajukuu wanacheza peku."

Hiyo ndiyo historia yenu. Fuateni saa za siku, mtaipata yote. Alfajiri ufagio na uji wa ulezi. Saa mbili mama wa matobolwa na karanga anatandika gunia lake chini ya mwembe. Mchana bodaboda wanalala juu ya pikipiki zao, wazee wanaanza kubishana juu ya kete. Saa kumi ni mpira, wakubwa upande wa mto na wadogo upande wa jiwe, na ole wake mdogo atakayevuka. Alhamisi jioni akina mama wa kikoba wanakaa kwa mduara na sanduku lao lenye kufuli tatu. Idd wanaswali hapo, Krismasi kwaya inapiga vyombo mpaka usiku. Mtaa ukipata msiba turubai linafungwa kwenye mjohoro na mpira unasimama bila mtu kutangaza. Miaka ya themanini Sungusungu walikuwa wakikusanyika hapo kabla ya doria. Hilo wamenithibitishia watu watatu, kila mmoja peke yake. Waulizeni pia kama kuna aliyewahi kuona Bagika na Bagalu, vile vikundi viwili vya ngoma vya Wasukuma, wakishindana hapo. Ngoma zile zilihitaji nafasi, maana watazamaji huwa wanahama upande hadi upande kufuata ushindi ulipo.

Mjini kwenu kuna mifano miwili ya jinsi ya kumkumbuka mtu, na ningependa mwitazame kabla ya kuandika. Kwenye mnara wa saa kuna bamba linalotaja kwamba Speke, mpelelezi wa Kiingereza, aliliona ziwa kutoka Isamilo Agosti 3, 1858. Alikaa siku chache, akageuka kurudi Tabora. Mfano wa pili uko majini. Kile kisiwa kilichofanywa bustani ya wanyama ya kwanza ya serikali nchini mwaka 1964, kikawa pori la akiba 1991 na hifadhi ya taifa 2013, kinaitwa Saanane kwa sababu ya Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi huko kabla serikali haijakichukua. Hakuwa chifu wala mpelelezi. Alilima, akavua, akahamishwa, jina likabaki. Mimi kibao chenu ningekiandika kwa mkono huo wa pili.

Kwa mfano hivi: "Uwanja huu umebaki wazi kwa sababu ya jiwe hili na Mto Mirongo. Watoto wa mtaa wameteleza juu ya jiwe hili kwa vizazi visivyopungua vitatu. Mwembe ulipandwa na kumwagiliwa na" – jina la yule mama, mkipata ridhaa ya familia yake – "na uwanja unafagiwa kila siku na wakazi. Usimpige mawe mjusi." Inatosha. Wajerumani hawamo, na hakuna mtu atakayewakosa.

Sasa swali lako la mwisho. Kibao hakizuii kitu. Mwenye nia ya kujenga atakiheshimu siku ya uzinduzi na kuking'oa usiku. Kinachozuia ni mchoro. Sisi tunauita mchoro wa TP, ule wa mipango miji unaosema kila kipande ni cha nini. Eneo la wazi hupakwa kijani. Mchoro unatoa matumizi, upimaji unatoa mipaka, hati inatoa umiliki, na watu wengi wanachanganya hivi vitatu. Nendeni ofisi ya ardhi ya Jiji na zile namba za bikoni, pamoja na barua ya mtendaji wa mtaa, mwombe kuonyeshwa mchoro unaolihusu eneo. Kama ni kijani, ombeni nakala na muiweke kwa watu wawili tofauti. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 matumizi ya eneo hayabadilishwi kwa mdomo wala kwa muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Kuna maombi, kuna tangazo, kuna kamati, na tangazo likitoka ndipo mnaandika pingamizi mkiwa na lile daftari lenu la wazee. Nakala iwe ya rangi. Nina sababu ya kusisitiza hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa kijana kazini, nilitumwa kupima viwanja vitatu katika mji mmoja nisioutaja. Nilipewa nakala ya mchoro. Nakala za siku zile zilitoka kwenye mashine kwa rangi moja, mistari ya samawati iliyofifia, kwa hiyo kijani cha mchoro halisi hakikuonekana. Mistari ya viwanja vitatu ilikuwa imeongezwa kwa kalamu, kwa unadhifu kabisa. Tulipofika eneo lenyewe tulikuta magoli ya miti na watoto. Mama mmoja aliyekuwa anaanika dagaa akaniuliza, "Mwanangu, sasa hawa watacheza wapi?" Nikamjibu, "Mama, mimi natekeleza mchoro." Sikurudi ofisini kuuliza mchoro halisi uko wapi. Nilipanda bikoni kumi na mbili siku ile, nikalipwa posho yangu. Nyumba tatu zipo mpaka leo, moja ina ghorofa.

Mna kinga nyingine ambayo watu wa vilimani hawana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inalinda meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, haitaki humo shughuli ya kudumu wala inayoweza kudhuru ukingo. Nilipima kwa hatua zangu: zaidi ya nusu ya uwanja wenu imo. Ukitazama nyumba zilivyojipanga kando ya Mirongo utaona sheria hiyo imechelewa kufika, lakini kwenye barua ya pingamizi ina uzito. Ila inawagusa na nyinyi. Lile wazo mliloniandikia la kujenga jukwaa la zege upande wa chini, liacheni. Mto utalichukua, na kabla ya mto, mtu atauliza mbona nyinyi mmejenga.

Kibao kiwekeni upande wa juu, kwenye udongo, msitoboe jiwe. Herufi nyeusi juu ya nyeupe. Nyekundu kwa jua letu inafifia haraka.

Na ile bikoni ya nne, ambayo sikuiona. Nimepiga hesabu kwa kamba, na kila nilivyopiga inaangukia chini ya kibanda cha chipsi, usawa wa jiko. Kijana mwenye kibanda nilimkuta anamenya viazi, akasema hajawahi kuona chuma chochote, lakini kuna kitu kigumu kinachomfanya jiko liyumbe kila siku. Mwombeni asubuhi, kabla hajawasha, alisogeze kwa dakika kumi.